Neno 'Power' katika Kirusi: Tafsiri na Ufafanuzi wa Dhana

Utangulizi

Kada anayeanza mafunzo ya itikadi hukutana mapema na maandishi ambayo hayakuandikwa kwa Kiswahili. Marx na Engels waliandika sehemu kubwa ya kazi zao kwa Kijerumani. Lenin aliandika kwa Kirusi. Maandishi hayo yametufikia kwa kupitia Kiingereza, na mengine yalichapishwa kwa Kiswahili mjini Moscow na shirika la vitabu la Progress. Hivyo dhana moja huvuka mito miwili au mitatu kabla ya kufika mezani petu. Kila mvuko una hatari yake, maana kinachodondoka majini hakionekani tena na msomaji aliye ng'ambo.

Katika makala hii tunachukua neno moja tu la Kiingereza, neno 'power', na kuchunguza jinsi linavyotafsiriwa kwa Kirusi. Tumechagua Kirusi kwa sababu mbili. Kwanza, mijadala mingi mikubwa ya karne ya 20 kuhusu dola na mapinduzi iliendeshwa kwa lugha hiyo. Pili, Kirusi kinafanana na Kiswahili katika jambo hili: hakina neno moja linalobeba mambo yote ambayo Mwingereza huyabebesha neno 'power'. Tatizo la mfasiri wa Kirusi ni kioo cha tatizo letu wenyewe.

Hoja yetu ni hii: neno lenye maana nyingi halitafsiriwi kwa kulitafutia neno la kulingana nalo. Hutafsiriwa kwa kuuliza ni uhusiano gani unaotajwa, baina ya nani na nani, au baina ya nini na nini. Asiyeuliza swali hilo hupotosha tafsiri, na baadaye hupotosha uchambuzi wake wa hali halisi.

Maana kuu za neno hili

Mwingereza akisema 'power', Mrusi hulazimika kuchagua baina ya maneno yafuatayo:

(a) 'Vlast'. Hii ni mamlaka ya mtu au tabaka juu ya watu wengine, haki na uwezo wa kuamuru na kutiiwa. Mamlaka ya dola ni 'vlast'. Neno hili likiwekwa katika wingi, 'vlasti', huwa na maana ya wenye mamlaka, yaani wakuu wa serikali au wa mahali.

(b) 'Sila'. Hii ni nguvu, iwe ya mwili, ya jeshi, ya hoja au ya umoja. Katika fizikia 'sila' ni kani.

(c) 'Moshch' na 'moshchnost'. Neno la kwanza ni nguvu kubwa ya nchi, jeshi au uchumi. La pili ni la wahandisi: ni kasi ambayo mashine hufanya kazi, nayo hupimwa kwa wati.

(d) 'Energiya'. Hii ni nishati, pamoja na umeme unaopita katika nyaya.

(e) 'Derzhava'. Hii ni nchi yenye nguvu miongoni mwa mataifa. Mataifa makubwa ni 'velikiye derzhavy', na nchi iliyotawala makoloni ni 'kolonialnaya derzhava'.

(f) 'Polnomochiya'. Haya ni madaraka aliyokabidhiwa mtu au chombo kwa mujibu wa sheria, nayo yana mipaka yake.

(g) 'Stepen'. Hiki ni kipeo cha hesabu. Mbili kwa kipeo cha tatu ni nane.

Orodha hii haimalizi mambo. Uwezo wa mfanyakazi wa kununua bidhaa kwa mshahara wake, ambao Mwingereza huuita pia 'power', kwa Kirusi ni 'sposobnost', yaani uwezo. Hati ya uwakilishi, ambayo mtu humpa mwenziwe haki ya kutia saini kwa niaba yake, kwa Kiingereza hubeba neno 'power' ndani ya jina lake. Kwa Kirusi huitwa 'doverennost', neno lililotokana na imani. Hapo hakuna nguvu wala mamlaka katika jina la hati, bali mtu kumwamini mwingine.

Wala tusidhani kwamba Kirusi kimepanga kila kitu sawasawa. Nguvu ya injini ni 'moshchnost', lakini kipimo chake cha zamani, ile nguvu ya farasi, huitwa 'loshadinaya sila'. Mfasiri anayefuata kanuni bila kujua mazoea ya lugha atajikwaa hata hapa. Kamusi humpa mtu orodha ya milango. Mlango wa kuingilia huonyeshwa na sentensi yenyewe na jambo linalozungumzwa.

Mamlaka na nguvu: fundisho la 1917

Tofauti iliyo muhimu kuliko zote kwa mwanasiasa ni ile iliyopo baina ya 'vlast' na 'sila'. Kwa Kiingereza zote mbili zinaweza kuwa 'power', na msomaji asipoangalia atazichanganya.

Baada ya mapinduzi ya Februari 1917 yaliyomwondoa Mfalme Nicholas wa Pili, nchi ya Urusi ilijikuta na vyombo viwili vya uongozi. Serikali ya Muda ilishika wizara na ofisi. Sovieti ya Petrograd, yaani baraza la wajumbe wa wafanyakazi na askari, ilitiiwa viwandani na kambini. Amri ya Kwanza ya Sovieti hiyo, iliyotolewa tarehe 1 Machi 1917 kwa kalenda ya zamani ya Urusi, iliwaelekeza askari kutotii amri za kijeshi za Duma zitakazopingana na maagizo ya Sovieti. Hali hiyo Warusi waliiita 'dvoyevlastiye', neno lililoundwa kwa 'mbili' na 'vlast': mamlaka mbili katika nchi moja.

Sasa tazama neno lenyewe. Halisemi kwamba kulikuwa na nguvu mbili. Nguvu katika nchi huwa nyingi daima: kuna ya wenye mali, ya jeshi, ya wakulima, ya viongozi wa dini. Jambo la ajabu la 1917 lilikuwa kwamba haki ya kuamuru, ambayo kwa kawaida hushikwa na dola moja, ilikuwa imegawanyika. Ndiyo maana Lenin alishikilia kwamba hali hiyo haiwezi kudumu, na ndiyo maana kaulimbiu ya Wabolsheviki ilidai 'vlast' yote iende kwa Masovieti. Nguvu ya kutosha Masovieti yalikuwa nayo tayari. Lililokuwa likidaiwa ni kwamba nguvu hiyo igeuzwe kuwa mamlaka pekee ya nchi.

Mtu akitafsiri kaulimbiu hiyo kwa Kiswahili kuwa 'nguvu zote kwa Masovieti', atakuwa ameiondolea kiini chake. 'Mamlaka yote' au 'madaraka yote' ni karibu zaidi na ukweli. Kwa Kiingereza msomaji haoni kosa lolote, kwa sababu neno lake moja linafunika yote mawili.

Historia ya nchi hiyo hiyo ilitoa fundisho la upande wa pili miaka 74 baadaye. Tarehe 19 Agosti 1991 kamati ya viongozi wa juu wa Muungano wa Kisovieti ilitangaza hali ya hatari. Ndani yake walikuwamo makamu wa rais, waziri mkuu, waziri wa ulinzi, waziri wa mambo ya ndani na mkuu wa shirika la usalama wa taifa. Vifaru viliingia Moscow. Kwa hesabu ya 'sila' kamati hiyo haikupungukiwa na kitu. Lakini amri zake hazikutiiwa ipasavyo, umati ulikusanyika kuipinga, na kufikia tarehe 21 Agosti ilikuwa imeanguka. Kabla ya mwaka kwisha Muungano wenyewe ulikuwa umevunjika. Magazeti ya Kiingereza yaliweza kuandika kwamba watu hao walikuwa na 'power', na pia kwamba hawakuwa na 'power', na sentensi zote mbili zikawa za kweli. Mrusi aliweza kuueleza mkanganyiko huo kwa maneno mawili: walikuwa na 'sila', hawakuwa na 'vlast'.

Hili si jambo la sarufi peke yake. Chama chochote kinachoongoza dola hakina budi kujua tofauti hiyo. Nguvu huhesabiwa kwa magari, silaha na fedha. Mamlaka hupimwa kwa utii wa watu wanaokubali kwamba anayeamuru ana haki ya kuamuru.

Masovieti na umeme

Mfano wa pili unatokana na ujenzi wa uchumi. Mwaka 1920 Lenin alieleza kwamba ukomunisti ni utawala wa Masovieti ukijumlishwa na kuenezwa kwa umeme katika nchi nzima. Katika tafsiri ya Kiingereza utawala huo huitwa 'Soviet power', na kwa kuwa umeme nao Waingereza huuita 'power', msomaji wa Kiingereza huona kama mwandishi anachezea maneno. Kwa Kirusi hakuna mchezo wowote. Neno la kwanza ni 'vlast' na la pili ni 'elektrifikatsiya', na hayana undugu. Lenin alikuwa akiunganisha mambo mawili ya aina tofauti, mamlaka ya kisiasa na msingi wa uzalishaji mali. Uzito wa hoja umo katika tofauti hiyo.

Mpango wa umeme wenyewe, uliojulikana kwa jina la GOELRO, ulitungwa mwaka huo huo wa 1920. Ulikusudia kujenga vituo 30 vyenye uwezo wa jumla wa kilowati 1,750,000, na kuzalisha kilowati-saa bilioni 8.8 kwa mwaka. Katika mazungumzo ya kawaida Mwingereza anaweza kuviita vyote viwili 'power'. Mrusi hawezi. Kilowati ni za 'moshchnost', yaani uwezo wa mitambo wakati wowote inapofanya kazi. Kilowati-saa ni za 'energiya', yaani umeme uliokwisha kuzalishwa. Mtambo mkubwa uliozimwa una 'moshchnost' yake yote, lakini hautoi 'energiya' hata kidogo. Kada anayesoma taarifa ya mradi na kuchanganya mambo hayo mawili atawaambia wananchi kwamba umeme upo, hali kilichopo ni mashine.

Maneno hayo 'Soviet power' yana mtego mwingine. Mwaka 1981 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilianza kutoa kijitabu kuhusu majeshi ya Muungano wa Kisovieti, na jina lake lilibeba neno 'power'. Kwa Kirusi kijitabu hicho kilijulikana kwa neno 'moshch', yaani nguvu kubwa ya kijeshi. Kama mfasiri angeandika 'vlast', Mrusi angedhani kijitabu kinahusu utawala wa Masovieti, na asingeelewa makombora na manowari yanatafuta nini humo. Maneno yale yale ya Kiingereza hutaja mfumo wa utawala katika ukurasa mmoja na idadi ya silaha katika ukurasa mwingine.

Kazi na nguvukazi

Sasa tuingie katika uchumi wa siasa, mahali ambapo kosa la neno moja laweza kubomoa nadharia nzima.

Marx alipochambua unyonyaji alitenganisha kazi na nguvukazi. Nguvukazi ni uwezo wa mtu wa kufanya kazi, ulio ndani ya mwili na akili yake. Kazi ni matumizi ya uwezo huo. Mfanyakazi anapoajiriwa huuza nguvukazi yake kwa muda fulani, na bepari huinunua kwa thamani ya mahitaji ya kumwezesha mfanyakazi huyo kuishi na kulea watoto. Lakini nguvukazi ikitumika siku nzima huzaa thamani kubwa kuliko ile iliyolipiwa. Tofauti hiyo ndiyo thamani ya ziada. Tukisema kwamba mfanyakazi huuza kazi, na kwamba amelipwa thamani yote ya kazi yake, hatutaweza kueleza faida ya bepari inatoka wapi.

Engels aliliona jambo hili kuwa zito kiasi kwamba alipotoa upya, mwaka 1891, kijitabu cha Marx kuhusu kazi ya mshahara na mtaji, ambacho kilikuwa kimechapishwa kwanza 1849, aliyabadili maneno ya rafiki yake marehemu. Mahali ambapo maandishi ya zamani yalisema mfanyakazi huuza kazi, Engels aliweka nguvukazi, na katika utangulizi wake akaeleza kwa nini badiliko hilo halikuwa ubishi wa maneno matupu. Kabla ya hapo, mwaka 1885, alikuwa amekwisha kuandika makala kwa Kiingereza kukosoa tafsiri mbovu ya sehemu ya kitabu cha Mtaji, akionyesha kwamba mfasiri wa Marx hana budi kuzijua vizuri lugha zote mbili na pia jambo lenyewe.

Kwa Kiingereza nguvukazi ikawa 'labour power'. Kwa Kirusi ikawa 'rabochaya sila', na uchaguzi huo ni sahihi. Si 'vlast', kwa maana mfanyakazi hana mamlaka katika soko la ajira. Si 'energiya' wala 'moshchnost', kwa maana yeye si mtambo. Ni 'sila', nguvu iliyo katika mtu.

Hata hivyo, tafsiri sahihi nayo ina upungufu wake. Katika matumizi ya kila siku 'rabochaya sila' ni pia jumla ya watu wanaoweza kufanya kazi katika kiwanda au nchi. Kiswahili kimepitia njia hiyo hiyo. Mwaka 1983 Tanzania ilipotunga sheria ya kuwataka watu wote wenye uwezo wafanye kazi, kampeni iliyofuata ilijulikana kwa jina la Nguvukazi. Hapo neno lilikuwa na maana ya watu: nani anafanya kazi na nani hafanyi. Mwanafunzi aliyelizoea neno hilo kwa maana ya kampeni anaweza kusoma Marx akidhani bepari hununua watu. Bepari hanunui mtu, maana huo ungekuwa utumwa. Hununua matumizi ya uwezo wa mtu kwa saa zilizopatanwa, na hapo ndipo unyonyaji wa kibepari unapotofautiana na ule wa mabwana wa watumwa.

Katika mahusiano ya mataifa

Uwanja wa nne ni wa diplomasia. Hati ya Umoja wa Mataifa ilitiwa saini San Francisco tarehe 26 Juni 1945, na maandishi yake ya Kiingereza na Kirusi yana nguvu sawa ya kisheria, pamoja na ya Kichina, Kifaransa na Kihispania. Mahali ambapo maandishi ya Kiingereza yanataja kazi na 'powers' za Baraza Kuu na za Baraza la Usalama, ya Kirusi yanatumia 'polnomochiya'. Ni neno la busara, kwa kuwa linaonyesha kwamba vyombo hivyo vimekabidhiwa madaraka na nchi wanachama, na kwamba madaraka hayo yana mipaka. Kama lingewekwa 'vlast', vyombo hivyo vingeonekana kama serikali ya dunia.

Hatari kubwa zaidi imo katika maneno 'nuclear power'. Yanaweza kuwa 'yadernaya energetika', yaani uzalishaji wa umeme kwa nishati ya nyuklia. Muungano wa Kisovieti ulianza kazi hiyo Obninsk mwaka 1954, kwa kituo cha megawati 5. Yanaweza pia kuwa 'yadernaya derzhava', yaani nchi yenye mabomu ya nyuklia. Msemaji wa nchi fulani akitangaza kwa Kiingereza kwamba nchi yake inataka 'nuclear power', mfasiri aliye kibandani ana dakika isiyotimia kuamua kama amesikia habari za taa za majumbani au za silaha za maangamizi. Neno la jirani yake katika sentensi ndilo litakalomwokoa, na kama halipo, wajibu wake ni kuuliza.

Katika miaka ya karibuni limeingia neno 'soft power', lililoenezwa na Mmarekani Joseph Nye tangu 1990. Maana yake ni uwezo wa nchi kuwavuta wengine kwa utamaduni, elimu na mfano wake, bila kuwalazimisha wala kuwalipa. Warusi wamelitafsiri 'myagkaya sila', yaani nguvu laini, na neno hilo liliingia hata katika mwongozo wa sera yao ya nje wa 2013. Uchaguzi huo si wa bure. Anayesikia 'sila' hufikiria chombo kinachotumiwa na dola, ambapo jambo lenyewe ni mvuto ambao mara nyingi hauko mikononi mwa dola. Kwa Kiswahili neno 'ushawishi' lingefaa mahali pengi kuliko 'nguvu laini'.

Njia ya kufuata

Kutokana na mifano hii tunaweza kupendekeza maswali manne kwa kada au mwanafunzi anayekutana na neno la namna hii:

(a) Nani au nini kina hiyo 'power': mtu, tabaka, chombo cha sheria, nchi, mashine, au tarakimu?

(b) Juu ya nani au ya nini? Kama ni juu ya watu wanaotii, tuko karibu na mamlaka. Kama ni uwezo tu wa kutenda, tuko karibu na nguvu.

(c) Imepatikana vipi: kwa kukabidhiwa, kwa kunyakuliwa, kwa maumbile, au kwa kutengenezwa kiwandani?

(d) Tafsiri katika lugha nyingine imesemaje?

Swali la nne lina mfano mzuri. Mwaka 1898, akiwa uhamishoni katika kijiji cha Shushenskoye huko Siberia, Lenin alishirikiana na Krupskaya kutafsiri kutoka Kiingereza kitabu cha Sidney na Beatrice Webb kuhusu vyama vya wafanyakazi vya Uingereza. Hakutegemea kamusi peke yake. Aliomba apelekewe pia tafsiri ya Kijerumani ya kitabu hicho apate kulinganisha. Anayesoma Kiingereza na Kiswahili kwa pamoja tayari ana mizani miwili. Asiache mmoja ukutani.

Hitimisho

Ndugu msomaji, Kiswahili si maskini katika jambo hili. Tuna nguvu, mamlaka, madaraka, uwezo, utawala, dola, nishati, kani na kipeo. Kila moja lina kazi yake. Wakenya waliposherehekea Madaraka tarehe 1 Juni 1963, walijua kwamba wamepata kujiendeshea mambo ya ndani, na kwamba uhuru kamili ulikuwa bado mbele, uliokuja kufika Desemba mwaka huo. Neno lilisema kiasi kile kile kilichopatikana.

Umaskini huja pale tunapoacha hazina hiyo na kuandika 'nguvu' kila tunapoona 'power', ati kwa sababu kamusi imeitanguliza. Hapo mamlaka huonekana kama mabavu, mfanyakazi huonekana kama bidhaa, na nchi yenye kinu cha umeme huonekana kama nchi yenye bomu. Makada wenye jukumu la kuwaelimisha wananchi wanawajibika kuyapima maneno kabla ya kuyagawa, kama karani wa ghala apimavyo nafaka. Asiyepima hawezi kujua kama alichowapa watu kimetosha au kimepungua.